Moto wa Namugongo

Mkristo wa Kyebando, nchini Uganda, afungaye safari mwezi wa Juni kwenda Namugongo, pale walipoteketezwa mashahidi wa imani, Karoli Lwanga na wenzake, tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, haendi kuwalilia wafu, kwani itikadi yake yamwambia kuwa mauti huutwaa mwili kwa muda tu, ilhali roho hurejea kwa Muumba wake kungojea siku ya ufufuo. Wala itikadi hiyo haiudharau mwili, ambao nao utafufuliwa, ndiyo sababu Kanisa huuzika kwa taadhima. Lakini tumaini hilo haliwaondolei walio hai uchungu wa kuachwa; basi, ewe msomaji, upitapo penye matanga, ingia uwape wafiwa mkono wa pole.