Nia Njema na Tone la Mafuta

Wanavyuoni wa Kiislamu wamefundisha daima kwamba amali huhesabiwa kwa nia, na mafundisho hayo, ambayo Imamu Bukhari aliyatanguliza mwanzoni mwa mkusanyiko wake wa hadithi, yamekuwa faraja kwa watu wengi wasio na mali wala nguvu ila moyo safi. Lakini faraja ikishikwa pasipo hadhari hugeuka kimbilio la uvivu, na mtu akaona kuwa maadamu alikusudia mema, hana haja ya kukijua anachokifanya. Nataka kuipima hoja hii kwa jambo dogo, nalo ni uchaguzi wa mafuta ya kutia katika kisu cha kukunja.

Ubapa wa kisu hicho huzunguka juu ya msumari uliofichika ndani ya mpini, na hapo, katika upenyo usiopitisha hata ukucha, hukutana vumbi la mfukoni, maji ya matunda na, kwa sisi wakazi wa pwani, chumvi iliyomo hewani. Mwenyewe akikisikia kinakwaruza huchukua mafuta yaliyo karibu, na yaliyo karibu aghalabu ni ya kupikia. Nia yake ni njema kabisa. Hata hivyo mafuta ya alizeti na ya mbegu nyinginezo, yakikaa utando mwembamba penye hewa, huungana na oksijeni, yakawa mazito, kisha yakanata, hata yakakifunga kile yalichotiwa kukilainisha. Wachoraji huyapenda mafuta ya mbegu za kitani kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa hukauka na kuishika rangi. Sifa ni moja, kwa huyu fadhila na kwa yule maradhi. Mafuta ya nazi hukawia kuharibika, ila huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, jambo lisilomsumbua mtu wa Tanga adhuhuri, lakini mtu wa Lushoto alfajiri atalitambua.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu cha nia kilichomo ndani ya kitabu chake kikubwa, Ihya, alikataa kwamba kusudi jema laweza kuugeuza uovu ukawa utiifu, na ujinga hakuukubali kuwa udhuru ila kwa aliyesilimu karibuni na asiyepata wasaa wa kujifunza. Kisu kilichonata si dhambi, wala simpeleki mwenyewe mbele ya kadhi. Lakini ni ajabu kuwa hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, iletayo amri ya ihsani, yaani kutenda kwa uzuri, katika kila kitu, ilipotaka kutoa mfano ilishuka hadi kwenye makali ya kisu cha mchinjaji: haikuishia kumtaka amhurumie mnyama, bali ilimtaka anoe. Huruma isiyonoa haimfikii mnyama.

Basi mwenye kisu na ajue. Mafuta ya cherehani ni mepesi, hupenya, wala hayakauki upesi, na kwa kisu cha kukatia kamba yanatosha. Kwa kisu kinachomenya maembe ningechagua yale mafuta meupe ya madini yauzwayo katika maduka ya dawa, yasiyo na rangi wala harufu, ambayo hupewa waliofunga choo. Tone moja latosha, maana ziada hukusanya mchanga, na mchanga ukichanganyika na mafuta husaga chuma. Tena kuna ugumu usiotaka mafuta kamwe: kisu cha Opinel, kilichoanza kufuliwa Savoie nchini Ufaransa mwaka 1890, mpini wake ni wa mti, na mti ukinywa maji huvimba ukaubana ubapa, na dawa yake ni kuukausha taratibu. Anayezidisha mafuta hapo anatibu maradhi asiyoyachunguza.

Atakayesema kwamba mafuta ni jambo hafifu mno kuingizwa katika dini na akumbuke Meerut, mji wa India, ambako mwezi Mei 1857 askari wa Kihindi wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki waliasi, baada ya wenzao 85 kufungwa kwa kukataa risasi ambazo, kwa uvumi ulioenea, karatasi zake zilipakwa shahamu ya ng'ombe na ya nguruwe, nazo ilikuwa desturi kuzipasua kwa meno. Sababu za fitina ile zilikuwa nyingi, lakini Muislamu na Mbaniani walikutana katika chukizo moja kwa kuwa kilainishi kilikuwa kinaelekea kinywani.

Hapo ndipo naona wajibu wa mwenye kisu unapozidi, kwa sababu kisu cha mfukoni huazimwa. Jirani akikiomba akate chungwa hawezi kuuona msumari wala kujua kilichotiwa humo, na anayekitoa, kama alitia mafuta ya mashine, itampasa aupanguse ubapa na kumwambia, hata kama jirani mwenyewe hajauliza na chungwa limekwisha kumenywa nusu.