Ujira wa Mlima ni wa Nani?

Mpagazi afikapo lango la Machame hupimiwa mzigo wake kwa mizani, usizidi kilo 20. Siku sita au saba ataubeba hadi kambi za juu, ambako usiku maji huganda. Kazi hiyo twaijua, na wageni huipiga picha.

Walakini uko mzigo usiopita mizanini. Kihambani mkewe amebaki na watoto, migomba na ng'ombe wa zizini. Na majani ya ng'ombe huyo mara nyingi hutoka tambarare, naye huyapandisha kichwani. Mtoto akiugua usiku, ni yeye amkimbizaye zahanati. Wingu likifunika Kibo, hulala macho, maana simu huko juu hushika hapa na pale tu.

Twauliza basi: mume ashukapo na ujira na bakhshishi, akampa mkewe sehemu, je, amempa zawadi? Wapo wanaume wema wasemao hivyo, tena kwa moyo safi. Sisi twaona wamekosea. Zawadi hutoka katika mali ya mtoaji. Naye hakuweza kupanda mlima na kukata majani siku ile ile. Alipanda kwa kuwa mwenziwe alibaki. Fedha ile ilikuwa ya wawili kabla haijaingia mfukoni, na aipunguzaye katika vilabu vya Moshi mjini hatumii yake peke yake.

Tena, kabla ya kuondoka, amwambie mkewe njia atakayopita na siku ya kurudi. Hilo halina gharama, na wengine hulisahau.