Mteja Asiye na Ng'ombe

Binti wa dada yangu, mzaliwa wa Dongobesh, anasomea sheria Dar es Salaam na amechagua kubobea katika sheria ya mtoto na familia. Nyumbani hakupigiwa vigelegele. Wazee walitaka madini, kodi, au basi angalau ardhi, maana Wilaya ya Hanang haijakosa mgogoro wa ardhi tangu mashamba ya ngano ya serikali yalipomeza malisho ya wafugaji Wabarbaig. Kaka yangu alimwuliza: "Sasa mama, mtoto wa miaka sita atakulipa nini?"

Hatalipa kitu. Mteja wa fani hii hana ng'ombe wala hati ya shamba, na mara nyingi hajui hata kama ana kesi. Mwenye mgodi atapata wakili hata akiwa na makosa. Mtoto huyu hapati hata akiwa na haki.

"Tena mjomba, sheria zenyewe zinagombana," binti aliniambia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alilifikisha jambo hilo Mahakama Kuu na kushinda mwaka 2016. Mahakama ya Rufani ilikubaliana na hukumu hiyo Oktoba 2019, na serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukaisha, mingine ikafuata, kifungu kikiwa palepale. Mimi hilo naliita aibu.

Chuoni hufundishwa vifungu, na ni sawa. Ila anayetaka kuifanya kazi hii kwetu ana darasa la pili. Wanawake wa Kibarbaig wana baraza lao, girgwageda gademga, ambalo mwanaanthropolojia George Klima aliandika habari zake mwaka 1964. Mwanamume akimkosea mwanamke, baraza hilo humhukumu na kumtoza dume la ng'ombe, na hakuna mzee wa kumkingia kifua. Wakili anayefika Katesh akidhani haki za wanawake zimeshuka na basi kutoka Arusha atachekwa, na atastahili.

Lakini sitaki kuipamba mila. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 43 ya wanawake wa mkoa wetu wa Manyara walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 8. Kumkeketa msichana chini ya miaka 18 ni jinai tangu 1998. Baraza la wanawake litamsaidia nini binti ambaye bibi yake mwenyewe ndiye anayeandaa shughuli? Hapo anahitajika mtu mwenye kifungu mkononi, anayejua kuongea na bibi huyo kwa Kidatoga, lugha ya Wabarbaig, au kwa Kiiraqw kabla ya kuongea na polisi.

Halafu kuna yatima. Tope lilishuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023, likaua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani. Mablanketi na unga vilifika haraka, na tunashukuru. Lakini msiba wa namna hiyo ukipoa, maswali huanza: mtoto akae kwa nani, kiwanja cha marehemu akishike nani, na baba mdogo akikiuza, nani atasimama? Sheria ya Mtoto inakataza kumnyima mtoto kunufaika ipasavyo na mali ya mzazi aliyefariki. Kifungu hicho hakitembei chenyewe hadi kijijini Gendabi.

Basi wazee wangu, mchangieni huyu binti ada ya Shule ya Sheria. Akimaliza, mpeni chumba Katesh au Haydom afungue ofisi. Wateja wapo.