Supu Yenye Tangawizi Nyingi

Jumapili iliyopita, kwenye sinia la pilau, nilimsikia kaka yetu mkubwa akimtuma mwanawe: "Mwambie shangazi yako asogeze kachumbari." Shangazi mwenyewe amekaa naye goti kwa goti. Mwaka wa pili huu hawasemezani, ugomvi ni kiwanja cha marehemu baba. Mtoto akasogeza kibakuli, nasi tukaendelea kula na kuisifia pilau.

Usiku usingizi ulinipaa, nikaitazama tena Eat Drink Man Woman, filamu ya Ang Lee ya mwaka 1994. Mzee Chu ni mpishi mashuhuri wa Taipei, mgane mwenye mabinti watatu. Kila Jumapili huwaandalia mlo wa kutosha harusi, nao huja kudonoadonoa kama watu walioitwa kwenye usuluhishi. Mzee mwenyewe hata ladha haisikii tena. Jikoni hotelini humtegemea rafiki yake amwonjee. Watu huyasifu mapishi ya mwanzo wa filamu. Mimi nilikuwa na njaa, yalinitesa tu. Kilichonishika ni kwamba meza ile hupata uhai pale mtu anapouharibu mlo kwa tangazo: huyu anahama, huyu ana mimba, huyu keshaolewa.

Najua utaniambia hayo ni ya Taiwan, sisi sinia linatuunganisha. Linatuunganisha vidole! Tulilelewa tusiongee wakati wa kula, na baada ya kula kila mtu ana safari. Ndiyo maana mtu anafika miaka hamsini hajui aanzie wapi kumwambia nduguye, "Uliniumiza." Wala usinijibu kwamba anayepika kwa upendo keshasema yote. Chu alipika maisha yake yote, na mabinti hawakumsikia.

Mwishoni nyumba imebaki tupu, na anayepika ni binti wa kati, yule ambaye mzee alimtoa jikoni akasome. Chu anaonja supu, analalamika tangawizi imezidi. Binti anakataa, wanabishana. Katikati ya ubishi ndipo mzee anagutuka: tangawizi ameisikia.

Leo asubuhi kaka amenipigia kunikumbusha kwamba Jumapili ijayo ni zamu yangu kupika. Nimemwambia nitapika wali wa nazi na samaki, dada atakuwepo, na yeye aje na hati ya kiwanja. Kanyamaza kidogo, kisha akauliza samaki gani.