Ndiyo ya Mzee Ina Uzito Gani?

Wengi wetu tunajua michezo ya video kama kitu cha kumalizia vijana muda na stima. Lakini iko ile inayochezwa kwa mwili. Mwaka wa 2006 Nintendo walitoa Wii: unashika rimoti, unarusha mkono, na mpira kwenye skrini unaenda. Mwaka wa 2010 Microsoft wakaleta Kinect, kamera inayokutazama bila kushika chochote. Huko Marekani, nyumba za kutunzia wazee zikaona hapa kuna mazoezi na kicheko pamoja. Watafiti nao wakaja kuijaribu michezo hiyo na wazee.

Sasa, katika jaribio kama hilo, ni nani anayepimwa? Mtafiti mzuri humwambia mzee mapema kwamba tunapima mchezo, si wewe. Sawa. Lakini Wii Fit ya 2007 inampima mtu akiwa amesimama juu ya ubao, halafu inamtajia "umri" wa mwili wake! Kijana wa miaka 30 akiambiwa ana 45 atacheka. Shosho aliyeamka na maumivu ya magoti hasikii utani hapo. Na Kinect ilizoea mtu aliyesimama. Ni 2012 ndipo Microsoft waliwapa watengenezaji wa programu njia ya kumfuatilia aliyeketi. Mzee wa kiti cha magurudumu akishindwa kabla ya hapo, kifaa ndicho hakikumtarajia.

Basi turahisishe kila kitu ashinde tu? Hapana. Mwaka wa 2015 Kathrin Gerling na wenzake walichapisha waliyoyaona kwa miezi mitatu katika nyumba mbili za wazee. Wazee walifurahia, na mchezo uliwarudishia kitu cha kushindana nacho, ingawa udhaifu wa mwili uliwazuia wengine kucheza kikundini. Hilo la kushindana limenigusa. Sisi humbebea mzee mfuko, humjibia maswali, mpaka hana tena kitu anachoweza kushindwa. Kumpa ushindi wa bure ni kumdharau kwa upole.

Kinachonisumbua zaidi ni ile ndiyo yake. Nilisomea biashara, na huko mteja asiyeridhika huondoka. Kuondoka kwake kunakufundisha. Mzee wa nyumba ile ataondoka aende wapi? Anayemwomba acheze amekuja na yule anayemwogesha. Hata hapa kwetu, mwambie mama mzee pasta anataka ujaribu kitu fulani, atasema ndiyo kabla hujamaliza sentensi. Ndiyo kama hiyo ni adabu tu, haijawa ridhaa.

Mimi ningetaka aulizwe jana yake, na mtu asiyemhudumia. Aulizwe tena asubuhi, na aruhusiwe kuacha katikati bila kueleza kwa nini. Na aliyekataa aletewe chai yake saa ile ile na aliyecheza.