Lipe Gari Lako Macho ya Pembeni

Ndugu dereva, usisubiri gari jipya. Hiyo IST, Noah au Probox unayoendesha leo inaweza kufungwa vihisi vya pembeni, ikaanza kukuonya pale bodaboda anapojipenyeza ubavuni mwako bila wewe kumwona. Kazi hiyo haihitaji kiwanda cha Japani. Inahitaji fundi umeme makini, kifaa cha kuaminika, na wewe kuamua.

Wanaopita Barabara ya Morogoro wananielewa. Kuanzia Kimara kwenda Kibaha barabara imepanuliwa kufikia njia nane, na kila njia inayoongezeka inaongeza upande wa kuchomekewa. Pikipiki zinapita kushoto, zinapita kulia, zinapita katikati ya magari mawili. Unatazama kioo, huoni kitu. Unawasha indiketa, unaanza kuhama, kumbe mtu yupo pale pale, sambamba na mlango wako wa nyuma, mahali ambapo vioo vya ndani na vya pembeni vimeshamwacha na jicho lako bado halijampata. Amebeba abiria, na abiria ana mtoto mgongoni. Wewe umezungukwa na bati na vyuma. Wao hawana hata mlango.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Ni vijana wa kijiweni tunaowasalimia kila asubuhi. Ni mama anayewahi sokoni. Haiwezekani tuendelee kusema "sikumwona" kana kwamba neno hilo linafuta deni, ilhali kifaa cha kutuonyesha kipo na kinafungika.

Na kinasaidia kweli. Volvo ilianza kuuza magari yenye mfumo huu katikati ya miaka ya 2000, ukitumia kamera ndogo chini ya vioo vya pembeni. Baadaye watengenezaji wengi wakaingia kwenye rada. Mwaka 2017 taasisi ya Marekani ya usalama barabarani inayofadhiliwa na kampuni za bima, IIHS, ilitoa utafiti wake: magari yaliyotoka kiwandani na mfumo huo yalikuwa na ajali za kuhama njia pungufu kwa asilimia 14, na zile za kujeruhi watu pungufu kwa asilimia 23. Atakayekuambia gari la zamani halifai kuongezewa kitu kama hicho, mwambie habari za London. Tangu Oktoba 2024, lori la zaidi ya tani 12 ambalo dereva wake haoni vya kutosha kutoka kwenye kiti haliruhusiwi kuingia kwenye mitaa ya jiji hilo mpaka lifungwe vifaa vya ziada, vikiwemo vihisi vya kumwonya kuhusu mtu aliye ubavuni. Malori yaliyokwisha kuzeeka kazini yamefungwa, yanaendelea na kazi.

Anza leo na kile kisichokugharimu hata shilingi: vioo. Mhandisi Mmarekani George Platzer alionyesha mwaka 1995 kwamba wengi wetu tunavigeuza ndani mno, tunabaki kutazama ubavu wa gari letu wenyewe. Kwa gari letu la usukani wa kulia, egemeza kichwa kwenye dirisha lako, kisha sukuma kioo cha kulia kwa nje hadi ubavu wa gari uonekane kwa mbali tu. Halafu inamia katikati ya viti viwili, ufanye hivyo hivyo kwa kioo cha kushoto. Ukikaa sawa hutaona tena gari lako kwenye vioo hivyo. Zoea. Utaona barabara.

Baada ya hapo ingia madukani, Kariakoo au Ilala, ukijua unachotafuta. Vihisi vya sauti, ndugu wa vile vya kuegeshea, huona mita chache tu. Vinafaa kwenye foleni, ila pikipiki inayokuja kasi vinaweza kuitambua imeshakufikia. Rada huona mbali zaidi na hupima kasi ya kinachokuja. Ukiweza, nunua rada.

Hapa kwenye ufungaji ndipo ninapokuomba uwe mkali. Vihisi viwili vya rada hukaa ndani ya bampa la nyuma, kila kimoja kwenye kona yake, kwa kimo na mwelekeo ulioandikwa kwenye maelekezo. Bampa la plastiki linapitisha mawimbi. La chuma linayazuia. Na lile lililogongwa likajazwa puti nene, likapakwa rangi juu ya rangi, linaweza kuidhoofisha rada hata kama linang'aa kama jipya. Mwambie fundi ukweli kuhusu bampa lako. Umeme uchukuliwe kwenye laini inayowaka ukifungua swichi, tena kupitia fyuzi, ili betri isiishe usiku na waya usiungue. Kila upande uunganishwe na indiketa yake, ili ukiashiria kulia wakati kuna mtu kulia, taa iwake na king'ora kilie. Taa zenyewe zikae karibu na vioo, mahali jicho linakokwenda lenyewe. Fundi anayekwepa kusoma maelekezo, chukua funguo zako uondoke.

Usilipe kabla ya kujaribu. Tafuta barabara tulivu, mwombe bodaboda unayemwamini akupite taratibu kulia, kisha kushoto, mchana na usiku. Vifaa vingi huanza kazi gari likifikia mwendo fulani, kwa hiyo jaribio la gari lililosimama gereji halitoshi. Kihisi kilichokaa upande wa kushoto lakini kinawasha taa ya kulia ni hatari kuliko kutokuwa nacho kabisa.

Hata taa ikikaa kimya, geuza shingo utazame begani kabla ya kuhama. Tope linaweza kukiziba kifaa, mvua kubwa inaweza kukisumbua. Uhai wa mtu haukabidhiwi kwa taa peke yake.

Nanyi wenye daladala na mabasi ya shule, ninyi mnanihusu zaidi. Gari lenu refu lina upofu mkubwa kuliko salooni yoyote, na linasimama pale pale watoto wanaposhukia. Mkiweza kununua redio kubwa na taa za urembo, mnaweza kununua hiki. Wiki hii geuzeni vioo. Mwezi huu anzeni kuweka akiba ya rada, na gari likienda tena kwa fundi umeme, lisitoke bila kufungwa.