Habari za Nyumba ya Shemasi



Wengi mmetuuliza juu ya binti yetu wa tatu, yule mnayemsikia Jumamosi akijifunza pamoja na wapiga filimbi wa parokia. Ndiyo, ni yeye. Sasa ana miaka 14, amekubaliwa katika kundi, na Jumapili inayokuja atapiga mbele yenu kwa mara ya kwanza. Nyumba yetu inashangilia. Lakini furaha hii ina mama yake, na habari hiyo tumeinyamazia tangu mwaka 2021.

Mnakumbuka jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, mbingu ilipogeuka nyekundu juu ya Nyiragongo. Zilibaki siku tatu tu kufika Noeli yetu ya tarehe 25 Mei, na ulikuwa mwaka wa kutimiza miaka 100 ya kazi ambayo Papa Simon Kimbangu aliianza Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Ngoma, filimbi na madaftari ya nsinsani vilikuwa hekaluni. Tulimwambia mama wa nyumba: "Chukua watoto, mwende njia ya Sake, sisi tutawafuata." Tukakimbia hekaluni. Tulipakia vyombo juu ya chukudu ya jirani, tukavisukuma gizani katikati ya watu waliokuwa wakilia na kuitana majina. Hakuna filimbi hata moja iliyopotea. Ndugu walitusifu sana.

Mama wa nyumba alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, wawili mkononi, na bido ya maji kichwani. Katika msongamano ule mkono mmoja ulimponyoka. Binti yetu, mwenye miaka 9, alipotea usiku ule katika barabara ya Sake. Lava ilisimama Buhene, watu wakaanza kurudi mjini, lakini mtoto hakurudi. Tulimtafuta Jumapili yote. Jumatatu tulimkuta Mugunga, kwa mama mmoja mkatoliki, muuza makala, ambaye alimwokota njiani, akamwosha, akamlaza na watoto wake. Hakutudai kitu.

Mama wa nyumba hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Nasi, badala ya kuomba msamaha, tulijitetea. Tulisema kazi ya Mungu ina gharama, hata Papa Simon aliacha watoto wake kwa ajili ya kazi. Akatutazama, akajibu: "Baba, yeye alifungwa. Wewe ulifungwa na nani?"

Wapendwa, tumehubiri mara nyingi, lakini hatujasikia mahubiri kama hayo. Tangu siku ile tunaisoma upya historia ambayo tulidhani tunaijua. Mwezi wa Septemba 1921 Wabelgiji walipomkamata Papa Simon Kimbangu, Kisolokele alikuwa na miaka 7, Dialungana miaka 5, na Diangienda miaka 3 tu. Tarehe 3 Oktoba alihukumiwa kufa; mfalme akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, naye akakaa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Hakuwaacha watoto, alinyang'anywa. Na Mama Mwilu Marie alibeba pamoja nyumba na kanisa lililokuwa likijificha. Alilala tarehe 27 Aprili 1959, miezi minane kabla ya serikali kulitambua kanisa tarehe 24 Desemba. Hakuiona siku ile. Lakini wana wote watatu walisimama katika kazi ya baba yao, na mnajua Papa Diangienda aliliongoza kanisa mpaka mwaka 1992. Ni nani aliyewalea, kama si yule mama?

Sisi watumishi tunapenda kutaja minyororo ya Papa Simon tunapochelewa kurudi nyumbani. Tuache. Mtume Paulo, katika Waraka wa kwanza kwa Timotheo 3:12, hamuulizi shemasi idadi ya mikutano yake; anauliza habari ya mke wake, watoto wake na nyumba yake. Tunaimba Upendo, Amri na Kazi, na Upendo unatangulia. Shemasi huyu alianza na Kazi.

Mwisho wa Januari 2025, risasi zilipolia mjini, maji na umeme vikakatika, hatukutoka. Tulilala sakafuni na watoto wetu, tukaomba hapo hapo bila viatu. Kuna ndugu waliotusema kwamba shemasi alificha kichwa wakati kundi linahitaji mchungaji. Pengine wana haki. Kuna mjane mmoja jirani na hekalu ambaye tungeweza kumfikia mapema, na tumemwomba msamaha. Bado hatujajua kupima vizuri. Tunaomba mtuombee katika jambo hili.

Mama wa nyumba anawasalimu. Naye yule mama wa Mugunga amealikwa Jumapili, na amekubali kuja baada ya misa yake. Tumekwisha kumweleza habari ya kufunika kichwa na kuvua viatu wakati wa maombi. Akacheka, akasema viatu vyake vimejaa vumbi la makala, atafurahi kuvivua. Wamama wa mapokezi, tafadhali mumkalishe mbele, upande wa filimbi.